Mlio Si Farasi

Ifikapo katikati ya Desemba, barabara ya Chalinze hadi Segera hubadilika sauti. Mabasi ya Moshi na Arusha yapo mwaka mzima, malori vilevile. Kinachoongezeka ni magari madogo ya watu wa Dar es Salaam wanaokwenda Kilimanjaro kula Krismasi, na miongoni mwake zimo Subaru Forester za turbo, Impreza, na Mark II za JZX110 zenye injini ya 1JZ. Baadhi yake husikika kabla hayajaonekana. Aliyelala Mkata au Kabuku saa nane za usiku anaweza kulifuata gari moja kwa masikio, tangu linapovuka tuta la kwanza mpaka linapopotelea njia ya Segera.

Mara nyingi mlio huo chanzo chake ni katauti. Fundi hukata bomba la ekzosi baada ya turbo, akachomelea kipande chenye umbo la Y, na kwenye tawi moja akafunga klapu inayoendeshwa na mota ndogo ya umeme. Swichi inakaa karibu na gia. Klapu ikifungwa, moshi unafuata njia yake ya siku zote hadi kwenye sailensa. Ikifunguliwa, unatokea palepale chini ya sakafu, bila kuigusa sailensa na pengine bila kupita hata kwenye masega yanayosafisha moshi. Wasio na fedha ya mota hutumia bamba la chuma lenye bolti tatu, wakalifungua kwa spana wanapotaka kusikika.

Imani inayotawala gereji, kuanzia Ilala hadi Manundu pale Korogwe, ni kwamba gari la turbo lililoongezwa busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, linabanwa pumzi na ekzosi. Lifungulie, na farasi watatoka. Upande wa pili wapo wanaopinga kwa kusema injini yoyote inahitaji presha ya kurudi nyuma, na kwamba ukifungua bomba unapoteza nguvu. Mabishano haya hayaishi, na ajabu yake ni kwamba wanaopinga ndio wamekosea zaidi.

Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moja inazungushwa na moshi, ya pili inasukuma hewa iingie kwenye injini. Feni ya moshi inazunguka kwa sababu presha iliyo kabla yake ni kubwa kuliko iliyo baada yake, na tofauti hiyo ndiyo riziki yake. Chochote kinachobana bomba mbele ya safari kinaila riziki hiyo: turbo inachelewa kuamka, na injini inamaliza nguvu zake ikisukuma moshi nje. Kwa hiyo wapenzi wa katauti wana haki katika hatua ya kwanza ya hoja yao. Habari ya presha ya kurudi nyuma imetoka kwenye injini zisizo na turbo, tena hata huko ilieleweka vibaya. Kinachosaidia kule ni kasi ya moshi na mpangilio wa mawimbi yake, wala si kubanwa.

Tatizo linaanza kwenye swali linalofuata, ambalo gereji hazipendi kuulizwa. Bomba limebana wapi, na kwa kiasi gani?

Kwa hesabu ya haraka ya mafundi wa turbo, kila farasi 10 wanahitaji karibu nusu kilo ya hewa kwa dakika. Gari la farasi 300 linameza basi kilo 13 hadi 14 za hewa kila dakika na kuzitema zikiwa za moto. Bomba la inchi 3, lililokunjwa vizuri bila kupondeka kwenye kona, lenye sailensa ya njia iliyonyooka, linaupitisha moshi huo bila taabu ya maana. Sailensa ya aina hiyo ni bomba lenye matundu madogo madogo, limezungushiwa nyuzi za kioo au chuma, kisha likafunikwa na kopo la nje. Moshi unapita katikati kana kwamba hakuna kitu, sauti inamezwa pembeni. Hapo katauti itafungua nini?

Jibu linaweza kupimwa, na kupima kwenyewe si kazi ya maabara. Fundi anatoboa tundu dogo mara tu baada ya turbo, anachomelea nati, anafunga kijibomba cha shaba kirefu cha kutosha kupooza joto, na mwishoni anaweka geji ya presha. Gari linaendeshwa kwa busti kamili, mtu wa pili akisoma mshale. Mshale ukibaki karibu na sifuri, bomba halina kosa. Ukipanda, fundi anahamishia geji baada ya masega, kisha kabla ya sailensa, na palepale atajua mkosaji ni nani: masega yaliyoziba au kuyeyuka, bomba la kwanza la kiwandani lenye wembamba wake, kona iliyopondwa na jiwe kwenye njia ya Kiberashi, au sailensa ya bei chee yenye vyumba ndani. Mara nyingi mkosaji yuko karibu na turbo, na katauti iliyofungwa mbele yake haimgusi kabisa.

Mkosaji anapokuwa mbele zaidi ya katauti, mwenye gari anayesema, kwa kiapo, kwamba alipofunga katauti aliona tofauti, aaminiwe. Tofauti aliyoiona ni ushahidi dhidi ya ekzosi yake. Amelipia tundu la kukwepa bomba bovu badala ya kulipia bomba zima.

Kifaa chenyewe si kipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 katauti zilikuwa kitu cha kawaida kwenye magari ya Marekani. Dereva alikanyaga pedali, moshi ukatoka kabla ya sailensa, gari likapanda kilima. Wakati ule ilikuwa na mantiki. Sailensa zilikuwa makopo yenye kuta za ndani zilizoziba njia, na injini hazikuwa na nguvu ya kupoteza. Miji mingi ikapiga marufuku kuzifungua barabarani, sailensa zikaboreshwa, katauti zikatoweka kwenye magari ya watu wa kawaida. Inayouzwa leo kama siri ya vijana ni dawa ya ugonjwa wa enzi za babu zao.

Lakini hoja nzito zaidi iko kwenye kontroboksi, kompyuta inayoongoza injini.

Gari lililotyuniwa limeandikiwa upya hesabu zake: kwa mzunguko huu na busti hii, mwaga mafuta kiasi hiki, washa plagi mapema kiasi hiki. Hesabu hizo zimeandikwa kwa ekzosi fulani. Badilisha ekzosi, na hesabu zimebadilika. Mwenye katauti sasa ana magari mawili, moja klapu ikiwa imefungwa na jingine ikiwa wazi, na yote mawili yanaongozwa na daftari moja lililoandikwa kwa ajili ya moja tu. Watetezi wanajibu kwamba sensa inayopima hewa inayoingia itarekebisha mafuta yenyewe. Ni kweli kwa kiasi, kwa magari yenye sensa hiyo. Ambacho haiwezi kurekebisha ni westigeti.

Westigeti ni kimlango kinachoachia moshi wa ziada upite kando ya feni ili busti isivuke kiwango. Ukubwa wake ulipimwa kiwandani kwa ekzosi ya kiwandani. Moshi ukipata njia nyepesi, feni inasukumwa kwa nguvu zaidi, na kimlango kikifunguka chote bado hakitoshi. Busti inapanda polepole kadiri mzunguko unavyoongezeka, kontroboksi ikiwa imekwisha kutoa amri ya kushuka na haina kingine cha kuamuru. Turbo ndogo za TD04, zilizomo kwenye Forester na Impreza nyingi, zinajulikana kwa tabia hii pindi ekzosi nzima inapoachwa wazi. Kontroboksi ya kiwandani hujilinda kwa kukata mafuta. Iliyotyuniwa mara nyingi imeondolewa kinga hiyo au imepandishiwa kikomo, kwa hiyo injini inaendelea kupokea hewa isiyo na mafuta ya kutosha, mchanganyiko unajilipua kabla ya wakati, na pistoni zinapokea nyundo. Wenye Subaru za lita 2.5 wanajua pistoni zinavunjikia wapi: kwenye vikuta vyembamba vinavyoshikilia ringi. Ikumbukwe pia kwamba magari haya ya turbo kutoka Japani yalipangiwa bensini ya huko ya oktani ya juu. Akiba waliyoiacha wahandisi ilishaliwa na bensini ya pampu zetu kabla hata fundi hajawasha mashine ya kuchomelea.

Klapu yenyewe nayo ina mambo yake. Inakaa kwenye joto la mamia ya nyuzi, inapigwa na vumbi jekundu la Handeni, inagonga matuta ya Mkata. Haichukui muda mrefu kabla haijaacha kuziba sawasawa. Ikivuja karibu na sensa ya oksijeni, moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa inaiona oksijeni hiyo, inadhani mafuta hayatoshi, na kontroboksi inaongeza. Mwenye gari anaanza kulalamika kwamba chuma kinakunywa wese, na hakuna anayeikumbuka klapu kwa sababu swichi imezimwa.

Wengine huja na mfano wa rali, na mfano huo wenyewe ndio unaowaangusha. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, na vijana wa Kenya na Tanzania waliiona Toyota Yaris yenye injini ya lita 1.6 ikitoa nguvu ambazo Mark II ya kiwandani haizioti. Magari yale yalilazimika kuvuta hewa yote ya turbo kupitia tundu la milimita 36. Nguvu ilitafutwa pale, kwenye kuingiza hewa, kwenye umbo la bomba na kwenye hesabu za kontroboksi. Upande wa kutolea moshi, kanuni za FIA za rali zinaweka kikomo cha desibeli 103 injini ikizunguka mara 3,500 kwa dakika, kwa kuwa magari ya rali hupita kwenye barabara za watu yakitoka hatua moja kwenda nyingine. Gari la ubingwa wa dunia linabeba sailensa. La kwenda kula Krismasi Rombo halibebi.

Na ule mngurumo wa Subaru unaopendwa, uliokolezwa masikioni mwa Afrika Mashariki na Colin McRae aliposhinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, haukutoka kwenye bomba lililoachwa wazi. Umetokana na mabomba ya kutolea moshi ya injini ya boksa, yenye silinda zilizolala pande mbili, kuwa na urefu usiolingana, hivyo mapigo ya upande mmoja yanafika kwenye turbo yakipishana vibaya na ya upande wa pili. Legacy za turbo za kuanzia mwaka 2003 zilipowekewa mabomba ya urefu sawa, mngurumo ulipotea, na turbo ikafanya kazi vizuri zaidi. Wahandisi wa Subaru walilazimika kuchagua kati ya sauti na utendaji, wakachagua utendaji. Sikio, kwa upande wake, ni shahidi mbovu wa mwendo: gari likipiga kelele zaidi dereva huhisi linakwenda zaidi.

Hoja ya watetezi inayosikika ya kiungwana kuliko zote ni hii: mjini nafunga, njia kuu nafungua. Kwa maneno hayo katauti inageuka kuwa kifaa cha adabu, kwani mwenye sailensa iliyokatwa kabisa hana cha kufunga. Dar es Salaam hoja hiyo ina maana. Ukivuka Chalinze inakosa pa kusimama. Njia kuu ambayo dereva anaifungulia klapu ni Mkata, ni Kabuku, ni Michungwani, ni Segera. Kisha ni Korogwe, mji uliokatwa katikati na barabara, wenye hospitali ya Magunga na shule za bweni. Kisha ni Mombo. Kwa msafiri hayo ni majina ya vibao. Kwa wenyeji ndiyo nyumbani, na vyumba vingi vya kulala viko umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye lami. Tangu lami ikamilike Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na Handeni hadi Mkata, kilomita 54, kelele zimepata njia ya kufika hata Sindeni na Misima, ambako zamani gari lilitangazwa na vumbi.

Hesabu ya sauti ni rahisi. Chukua gari linalotoa desibeli 100 nusu mita kutoka kwenye bomba, kiwango ambacho katauti iliyo wazi haisumbuki kukifikia. Mahali palipo wazi, sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Mita moja ni 94, mita mbili 88, nne 82, nane 76. Mita 16, ambako dirisha la mtu lipo, zimebaki 70. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya vyumba vya kulala usizidi 40. Kila desibeli 10 sikio huzihesabu kama mara mbili, kwa hiyo aliyelala anapokea kitu chenye ukubwa wa mara nane ya wastani unaopendekezwa. Japani, yalikotoka magari haya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kikomo cha gari jipya dogo lenye injini mbele kilikuwa desibeli 96 likipimwa limesimama. Gari letu la desibeli 100 lisingepita ukaguzi nyumbani kwao.

Kuna pia wanaotaja Porsche na BMW, ambazo hutoka kiwandani na klapu kwenye ekzosi. Klapu hizo ziko nyuma kabisa, kwenye sailensa yenyewe. Moshi wote umekwisha kupita kwenye masega, na kontroboksi imeandikwa ikijua klapu iko wazi au imefungwa. Kufanana kwake na tundu lililokatwa chini ya miguu ya abiria kunaishia kwenye jina.

Chini ya miguu ya abiria: hapo ndipo mzaha unapokoma. Moshi usiopita kwenye masega umebeba kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ekzosi ya kawaida huitolea nyuma kabisa ya gari kwa sababu hiyo. Katauti huitolea katikati, chini ya sakafu ya gari lenye umri wa miaka 20, lenye mipira ya sakafuni iliyokauka na matundu ya nyaya yaliyopanuliwa na fundi wa muziki. Gari likiwa kwenye foleni, au limeegeshwa huku injini inaunguruma ili kiyoyozi kiwafae watoto waliolala viti vya nyuma, gesi haina pa kwenda ila juu. Kichwa kuuma na usingizi mzito katika safari ya usiku huhesabiwa kuwa uchovu.

Na kiangazi kikikaza Handeni, nyasi hukauka hadi ukingoni mwa lami, na upande wa Korogwe yapo mashamba ya katani. Tundu linalotazama chini na kutoa moshi wa mamia ya nyuzi, gari likiwa limeegeshwa pembeni kwa ajili ya machungwa ya Michungwani, halihitaji maelezo marefu.

Sheria haipo kimya. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ndizo ambazo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilizishika lilipofungia baa kadhaa mwaka 2023. Baa ina anwani, gari linapita. Trafiki wa barabarani ana tochi ya mwendo na faini, na dereva wa katauti anajua kubonyeza swichi akiona sare nyeupe mbele. Urahisi huo wa kujificha ndio unaoiuza katauti kuliko farasi wote wanaotajwa.

Anayetaka nguvu ana pa kuzipata. Bomba la kwanza baada ya turbo, la kipenyo kizuri, lenye masega ya matundu makubwa. Bomba la inchi 3 hadi nyuma. Sailensa ya njia iliyonyooka. Westigeti iliyopanuliwa ikibidi. Kisha, baada ya vyote hivyo kufungwa, hesabu za kontroboksi ziandikwe upya mara moja, kwa ekzosi moja isiyobadilika. Ni ghali kuliko swichi na mota. Kabla ya hapo kuna geji ya busti na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, ambavyo magari mengi yaliyopandishwa busti hayana, ingawa nafasi ya swichi ya katauti imepatikana. Fundi anayeletewa katauti kwenye mfuko wa plastiki aanze na tundu dogo na kijibomba cha shaba. Mshale ukipanda, amwonyeshe mteja palipobana na amtajie bei ya kuparekebisha. Mshale ukikaa chini, amfungie nati yake, amtoze fedha ya kupima, na amrudishie mfuko.